Safari ya Ndoto Huanzia Gatini

Katika baraza zetu za jioni, Unguja na Pemba, husikika mara kwa mara swali hili: lau ungepewa mali isiyokwisha na siku zisizo na hesabu, ungefunga safari ya kwenda wapi? Wako wanaotaja Makka, na wako wanaotaja London. Lakini siku hizi za barabara za lami wako pia vijana wanaotamani kushika usukani wenyewe, wakaendesha gari kutoka Pemba hata Rasi ya Tumaini Jema, huko kusini mwa Afrika.

Yawezekana wakatokea watu wakasema kwamba haya ni maneno ya kupitisha wakati, na kwamba gazeti lina mambo mazito zaidi ya kuandika. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anapoondoa fedha na wakati katika hesabu ya safari, kinachobaki kumzuia si umaskini wake tena. Ni yale yasiyomo katika uwezo wa mfuko wa mtu mmoja, nayo ndiyo yaliyomo mikononi mwa Serikali. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu, na hasa wakubwa wa Serikali, waifuate safari hii pamoja nasi.

Tutazame kwanza nchi kavu, maana huko mengi yamekwenda vizuri. Msafiri wetu akishateremsha gari lake Dar es Salaam atashika njia ya Morogoro, atakata mbuga ya Mikumi, atapanda mlima wa Kitonga, kisha Iringa na Mbeya hata Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Hapo mpakani, tangu mwaka 2019, taratibu za Tanzania na Zambia zimewekwa chini ya paa moja ili msafiri asisimamishwe mara mbili. Ataendelea mpaka Lusaka na Livingstone, na kule Kazungula atauvuka mto Zambezi kuingia Botswana kwa daraja la mita 923 lililofunguliwa mwaka 2021. Kutoka hapo ni Botswana na Afrika Kusini, akiendesha mkono ule ule wa kushoto aliouzoea nyumbani.

Inafaa tujiulize, ni nani aliyemnunulia njia hii? Kabla ya mwaka 2021, tajiri mwenye gari la fahari alilipanga foleni Kazungula kungojea pantoni, kama mtu mwingine yeyote. Hali ilikuwa hiyo hiyo mto Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na ilikuwa hiyo hiyo kati ya Kigongo na Busisi katika Ziwa Victoria mpaka daraja la huko lilipofunguliwa mwaka 2025. Kila daraja liliposimama, mwenye mali na mkulima wamevuka sawasawa. Hakuna aliyejijengea njia hiyo kwa mfuko wake. Wamejengewa na nchi zilizopanga, zikakopa, zikapatana na kusimamia.

Wahenga wetu walilijua jambo hili tangu zamani, wakasema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hakufika kwa utajiri wake. Alifikishwa na vyombo vilivyojua misimu ya pepo, na na bandari zilizojua kumpokea mgeni.

Sasa turudi mwanzo wa safari, mahali ambapo ramani za wenye kuota huparuka haraka. Kijana wetu anaondoka Wete. Kabla hajaonja hata kilomita moja ya lami ya Bara, hana budi kupata chombo cha kumpitisha bahari, yeye na gari lake. Mali yake yote haitatuliza mkondo wa Nungwi. Yaweza kumnunulia kiti cha daraja la juu, lakini haiwezi kumhakikishia kwamba walioko chini ya sakafu yake hawakuzidi idadi ambayo chombo kimeruhusiwa kubeba.

Hayo si maneno ya kutishana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mpaka leo idadi halisi ya waliokuwamo ni jambo la ubishi. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikapinduka ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Ndugu zetu wa visiwa vya Ziwa Victoria nao walipata msiba wa namna hiyo tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara. Taifa lisiloweza kusema ni watu wangapi waliopanda chombo halijaanza kusimamia safari.

Aidha, tukumbuke kwamba mwenye mali isiyokwisha ni mtu wa ndoto tu. Chombo kikichelewa, yeye atalala hotelini. Wanaosafiri kweli kila siku ni mgonjwa aliyepewa barua ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, mwanafunzi anayewahi chuo, na mama mwenye watoto wawili na mzigo wa biashara. Hao hawana fedha ya kungojea, wala siku ya kupoteza. Kikwazo kinachomchosha tajiri kwa saa moja humharibia maskini mwezi mzima.

Hatudai daraja la kuvuka bahari. Tunayoyadai yamo ndani ya uwezo wetu. Kila abiria, pamoja na mtoto mchanga, aandikwe jina kabla ya kupanda, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu. Idadi ikitimia, mlango ufungwe, hata kama anayebaki nje ni jamaa ya mkubwa. Hali ya hewa ikizuia safari, watu waambiwe mapema na kwa sauti, si kuachwa wakibahatisha juani. Gatini pawe na kivuli, maji na vyoo. Na mwenye gari anayetaka kuvuka nalo aelezwe mahali pamoja, kwa maandishi, karatasi zote anazotakiwa kuwa nazo na ada zake.

Tena tunatoa shauri kwa wakubwa wanaohusika: mara moja katika kila miezi michache, mmoja wao asafiri kutoka Wete au Mkoani kwa tiketi ya kawaida, bila kupigiwa simu mbele wala kufunguliwa mlango wa wageni. Aandike kila mahali aliposimamishwa, na kwa sababu gani. Karatasi hiyo moja itamfaa kuliko taarifa nyingi za mezani.

Vijana na waendelee kuota safari ya Rasi ya Tumaini Jema. Ni ndoto njema, na njia ya huko inazidi kunyooka. Lakini kwa sisi watu wa visiwani, barabara yoyote ile, hata iwe ndefu namna gani, kipande chake cha kwanza ni maji. Na kipande hicho ndicho kinachongojea kazi ya Serikali.