Kadi Nzima, Kioo Cheusi

Programu kiendeshi ni mkalimani baina ya kiini cha Linux na kadi ya michoro. Kiini hicho hubadilika mara kwa mara. Mkalimani asiyebadilika nacho hukosea, na kioo cha kompyuta huganda au huwa cheusi. Mwaka 2007 kampuni ya AMD ilianza kutoa maelezo ya kadi zake, wataalamu wa nje wakaweza kusahihisha kasoro. NVIDIA ilifungua moduli zake za kiini mwaka 2022, tena kwa kadi za kuanzia kizazi cha 2018 tu. Kampuni ina haki ya kulinda siri za biashara. Lakini inapoacha kuihudumia kadi nzima, hasara humwangukia mwenye kompyuta kuukuu. Yafaa shule ziulize kwanza kama kiendeshi ki wazi, ndipo ziulize bei.