TAMKO KWA UMMA: Maandishi na Mihuri ya Kughushi kwenye Stempu za Kale za Afrika Mashariki Zinazouzwa Mtandaoni

Kamati ya Utendaji ya chama chetu cha wakusanyaji wa stempu inatoa tamko hili kwa wanachama, kwa wauzaji, na kwa yeyote anayenunua stempu za kale kupitia simu au kompyuta yake. Malalamiko yanayotufikia yanafanana mno. Mtu ameona kwenye kundi la WhatsApp au tovuti ya mnada stempu ya Zanzibar yenye maandishi "JAMHURI 1964". Bei inavutia na picha ni safi. Anatuma fedha, bahasha inafika, na stempu iliyomo ni halali kabisa. Kilichoghushiwa ni yale maandishi juu yake.

Tunaomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu stempu bandia hausaidii kwetu. Mnunuzi huambiwa akague karatasi, ahesabu meno ya pembeni, alinganishe rangi na picha ya katalogi. Kwa stempu za eneo letu vyote hivyo vinaweza kuwa sawa na bado akawa ametapeliwa. Sehemu kubwa ya historia ya posta ya pwani yetu imeandikwa juu ya stempu za watu wengine: za India zikagongwa jina la Zanzibar, za Wajerumani zikagongwa Mafia, za Sultani zikagongwa Jamhuri. Mghushi hana haja ya kuchapa stempu. Ananunua ile ya msingi, ambayo mara nyingi ni ya bei ndogo, kisha anaongeza maneno mawili.

Tuanze na hiyo ya 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, posta ya Zanzibar ilikuwa na akiba ya stempu zenye sura ya Sultani, za toleo la 1961, pamoja na zile za uhuru wa Desemba 1963. Kuanzia Januari 17 ziligongwa "JAMHURI 1964" kwa muhuri wa mkono, na baadaye yakaja maandishi yaliyochapwa kwa mashine. Kazi ya mkono haikosi kasoro, hivyo zipo zilizogongwa kichwa chini na zilizogongwa mara mbili, na wakusanyaji huzilipia zaidi. Hapo ndipo mlango ulipo wazi. Stempu tupu za 1961 zinapatikana kirahisi, na fundi wa mihuri wa mtaani anaweza kuchonga muhuri wa namna hiyo kwa siku moja bila kujua unakwenda kufanya kazi gani.

Ukikutana na stempu kama hiyo ikiwa imetumika, soma kwanza tarehe ya muhuri wa posta. Hatuna maneno ya kistaarabu kwa muuzaji anayetangaza "JAMHURI" juu ya stempu iliyopita posta mwaka 1962, lakini watu wanazinunua, kwa kuwa hakuna aliyekuza picha. Kisha tazama wino upi uko juu ya upi. Maandishi yalitangulia na muhuri wa posta ukafuata, kwa hiyo mahali vinapokutana muhuri wa posta ndio unaopaswa kuwa juu. Darubini ndogo ya mkononi inatosha kuona hilo. Picha ya simu haitoshi, na muuzaji anayekataa kutuma picha ya karibu ya makutano hayo ameshakujibu.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa stempu za India zilizochapwa "Zanzibar" kuanzia Novemba 1895. Kazi ile ilifanyika kwenye mtambo wa gazeti la serikali la Zanzibar, na herufi zilipangwa kwa mkono, ndiyo maana kuna makosa mashuhuri kama "Zanzidar" na "Zanibar". Makosa hayo hayakutokea kwenye kila thamani. Katalogi ya Stanley Gibbons inaonesha ni zipi, na kosa linalotokea kwenye thamani isiyoorodheshwa halipaswi kumfurahisha mnunuzi hata kidogo. Tazama pia mgongo wa stempu. Mtambo wa herufi za risasi huukandamiza wino ukingoni mwa herufi, na mara nyingi huacha mgandamizo unaohisika upande wa nyuma. Printa ya kisasa huacha vitone.

Mafia ni balaa zaidi. Waingereza waliteka kisiwa hicho Januari 1915, wakakitumia katika kuiwinda manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, na huko kisiwani wakagonga stempu za Kijerumani na za India kwa mihuri ya mkono, kwa wino wa rangi mbalimbali. Zilizotolewa zilikuwa chache na zinatafutwa duniani kote. Msimamo wa chama hapa ni mfupi: stempu ya Mafia isiyo na cheti cha wataalamu isinunuliwe mtandaoni kwa bei yoyote, hata kama muuzaji anasema ameirithi kwa babu yake. Ukiamini kila tangazo, mababu wa dunia nzima waliwahi kuishi Kilindoni, Mafia.

Kuna udanganyifu wa aina ya pili, ambapo stempu haina maandishi ya nyongeza na ujanja wote uko kwenye muhuri wa posta. Stempu za paundi za Kenya na Uganda za miaka ya 1920 zilitumika posta na pia kulipia ushuru kwenye hati za kisheria. Zilizopita posta zina thamani kubwa, ila zilizobandikwa kwenye hati ni za bei ndogo. Basi mtu huosha saini au muhuri wa ofisi kwa kemikali, kisha anagonga muhuri wa posta wa kubuni. Dalili ni rangi iliyopauka, uso wa karatasi uliovurugika, na vivuli vya wino wa kalamu vinavyoonekana chini ya taa ya ultravaioleti. Stempu zenye picha ya meli za Afrika Mashariki ya Kijerumani zina hadithi yao: zilichapwa Berlin na nyingi ziliuzwa huko huko kwa wakusanyaji, kwa hiyo matoleo kadhaa ni rahisi yakiwa mapya na ghali yakiwa yametumika. Ufundi huu una umri mrefu. Mfanyabiashara wa London aliyejulikana kama Madame Joseph alikuwa na mamia ya mihuri ya bandia ya makoloni ya Uingereza, na leo mihuri hiyo inahifadhiwa na Royal Philatelic Society London ili iwafundishe wakaguzi.

Kuhusu shiti za kisasa za paka, treni na wacheza sinema zenye majina ya nchi za Afrika ambazo posta zake hazikuzitoa, hatutasema mengi. Umoja wa Posta Duniani ulianzisha mwaka 2002 mfumo wa namba wa WNS kwa ajili ya stempu zinazotolewa na posta zinazoshiriki. Tafuta humo kabla ya kulipa, na usipoiona stempu, iulize posta ya nchi husika.

Cheti nacho kinaghushiwa. Linganisha meno ya stempu iliyo kwenye picha ya cheti na ya stempu unayouziwa, jino kwa jino, na uulize taasisi iliyotoa kama namba hiyo ni yake. Kwa stempu za Kijerumani tunatambua wakaguzi wa BPP, shirikisho la wakaguzi wa stempu la Ujerumani, na kwa za Kiingereza kamati ya wataalamu ya jumuiya ya London tuliyoitaja.

Kwa wauzaji tunatamka hivi. Anayetangaza stempu yenye maandishi ya nyongeza aweke skani ya mbele na nyuma, isiyopungua nukta 600 kwa inchi, na akubali kuipokea tena ndani ya siku 30 ikionekana ni ya kughushi. Maneno "inauzwa kama ilivyo" hatuyakubali. Ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Mnada wa chama wenyewe hautapokea tena "JAMHURI" ya mkono, Mafia, wala paundi za Kenya na Uganda bila cheti, na agizo hili linawahusu pia viongozi.

Tunajua kuna ugumu mmoja ambao hatujautatua. Mnunuzi anayetaka fedha yake lazima airudishe stempu, na stempu iliyorudi kwa muuzaji huuzwa tena kwa mwingine. Hatuwezi kumwomba mtu apoteze fedha kwa faida ya umma. Tunachomwomba ni kuipiga picha pande zote kabla ya kuirudisha, na kututumia picha pamoja na nakala ya tangazo, bila jina la muuzaji kama anahofia. Anayeamua kubaki nayo aandike nyuma kwa penseli neno "ghushi", au aikabidhi kwa chama iingie kwenye mkusanyo wa kufundishia. Mashauri ya jinai ni ya polisi, na kwa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa udanganyifu wa namna hii. Mwenye risiti ya malipo na mazungumzo aliyoyahifadhi atakuwa na cha kupeleka kituoni.

Mwanachama au asiye mwanachama mwenye "JAMHURI" aliyoinunua mtandaoni anaweza kuileta kwenye mkutano wowote wa kawaida wa chama. Darubini na taa vitakuwepo, na ukaguzi wa awali haulipiwi. Maoni yetu si cheti na hayatatolewa kwa maandishi.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama.