Tusitoboe Pikipiki Hivi Hivi Tu

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya athari. Methali hii hunijia kila nipitapo Kondele na Kibuye nikiona pikipiki zikifungwa vyuma vya kukinga ubavuni, vile ambavyo watu wa boda huviita gadi. Maoni yangu ni haya: gadi ni kitu kizuri, lakini namna zinavyofungwa mara nyingi ni ya kuhatarisha maisha. Najua wapo watakaonipinga, ila naomba wanisikilize kwanza.

Boda boda zilianza kwa baiskeli kule Busia mpakani miaka ya 1960, na hapa Kisumu baiskeli zilitawala kwa muda mrefu. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, pikipiki zikajaa kila mahali. Baiskeli ikianguka, mtu huchubuka goti. Pikipiki ikianguka, kilo mia na zaidi hulala juu ya mguu, na injini yenyewe ni moto. Hapo ndipo gadi hufaa. Huacha nafasi kati ya lami na mguu, tangi halibonyei, leva ya gia haipindi, na mwenye boda haendi kukopa pesa za spea.

Sasa shida iko wapi? Kwanza, fundi akikosa gadi ya saizi ya pikipiki ile, hatafuti nyingine. Anachukua keekee anatoboa fremu, ama anachomelea chuma papo hapo. Jamani! Fremu ndiyo uti wa mgongo wa pikipiki. Ni bomba lenye uwazi ndani, na ukilitoboa, kila mtikisiko wa mashimo ya barabarani hukusanyika pembeni mwa tobo, ufa ukaanzia hapo. Moto wa kuchomelea nao hudhoofisha chuma kilicho karibu. Kumbe umenunua kinga ukauza uhai!

Pili, kuna zile pikipiki kubwa zilizofunikwa plastiki ubavuni. Hizo hufungwa vikinga vidogo vya plastiki ngumu, na mara nyingi ni lazima kifuniko kitobolewe ili bolti ifike kwenye fremu. Hapo sina neno, mradi fundi apime kwanza, aanze na tobo dogo alipanue polepole, na bolti iingie katika tundu la kiwandani. Kikinga kisishikwe na plastiki, kishikwe na fremu. Tena kisiwe kirefu kupita kiasi. Tumefundishwa katika fizikia kwamba momenti ni nguvu mara umbali. Kikinga kirefu kitapinda bolti, ama fremu yenyewe, siku ya kuanguka.

Tatu, gadi ikiongezwa kwenye bolti ya injini, bolti ya zamani huwa fupi, nati ikashika nyuzi mbili tatu tu. Inunuliwe ndefu yenye ugumu uleule.

Wenye boda watasema, "Wewe mwanafunzi, unajua nini, na pesa ziko wapi?" Ni kweli maisha ni magumu, na wengi hulipa deni la pikipiki kila siku. Lakini bolti na fremu, ni gani ghali?

Chuo cha Kisumu National Polytechnic kiko papa hapa mjini. Kingeweza kuwaandalia mafundi wa jua kali kozi fupi, na viongozi wa boda wakakataa pikipiki iliyotobolewa fremu isibebe watu stejini.

Nasi wanafunzi tusikae kimya, kwa maana asubuhi sisi ndio abiria, wengine watatu watatu. Gadi ya mbele haimkingi aliyekaa nyuma, wala haikingi kichwa cha mtu. Sheria inataka helmeti na abiria mmoja tu. Basi ukiona gadi inatingika, shuka upande nyingine. Kawia ufike.