Neno "Limekufa"

Msomaji mwema, ukipata kuingia katika chumba cha tarakilishi cha shule, yatazame matundu ya USB yaliyo mbele ya mashine. Aghalabu utaona kipande cha karatasi kimebandikwa juu ya tundu mojawapo, nacho kimeandikwa neno moja kwa kalamu nene: LIMEKUFA. Nani alilipima tundu hilo? Siku gani? Kwa kifaa kipi? Karatasi haisemi. Mwanafunzi alichomeka flashi, isionekane. Akaichomoa, akaichomeka tena kwa nguvu zaidi, isionekane. Basi akaenda kutafuta gundi. Mimi nina ugomvi na karatasi hiyo, na nataka nikuvute upande wangu.

Usidhani ugomvi huu ni wa kitu kidogo. Tundu moja likihukumiwa leo, na la pili kesho, mwisho mashine nzima huitwa mbovu, husukumwa pembeni mwa ghala, na darasa la wanafunzi 40 hubaki likigombea zilizosalia. Kwa hesabu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Neno jepesi lililoandikwa kwa kalamu nene lina sehemu yake katika rundo hilo.

Yafaa ujue kwanza tundu hilo hufanya nini. Zamani kibodi ilikuwa na tundu lake, kipanya lake, na printa lake pana lenye pini nyingi. Mwaka 1996 kampuni 7, miongoni mwao Intel, Microsoft na IBM, zilitoa kanuni moja ya tundu moja litakalopokea vifaa vya kila aina. Ndani ya tundu la kawaida mna vyuma 4: viwili hupitisha umeme wa volti 5, na viwili hupitisha maneno. Maneno, nasema, kwa sababu kinachotukia hapo ni mazungumzo. Ukichomeka kifaa, mashine huhisi kuwa mgeni amefika. Humwuliza yeye ni nani, ni wa aina gani, na anahitaji umeme kiasi gani. Mgeni akijibu, hupewa nambari yake, kati ya 1 na 127, kisha mashine humtafutia programu ndogo iitwayo draiva, ya kuelewana naye. Hapo ndipo wewe huona flashi yako katika kioo.

Sasa tafakari. Mazungumzo yenye hatua nyingi hivyo yaweza kukatika mahali pengi. Huenda umeme haukufika. Huenda ulifika na maneno yasifike. Huenda mgeni ni bubu, au draiva imeharibika. Mwenye kusema "limekufa" amezikusanya sababu hizi zote, akazitia katika kaburi moja.

Chukua mfano wa simu. Unaiunga na tarakilishi kwa waya, inapata chaji, lakini picha zako hazionekani. Tundu lina kosa gani? Ziko nyaya za bei rahisi zenye njia mbili tu za umeme. Njia za maneno hazimo kabisa. Hata waya ukiwa kamili, simu nyingi za Android hupokea chaji tu mpaka uguse kioo chake na kuiruhusu kutoa faili. Nimeona watu wazima wakililaani tundu lililokuwa likifanya kila liliwezalo.

Au chukua diski kubwa ya nje. Tundu la USB 2.0, kwa kanuni yake, huahidi umeme wa miliampea 500 na si zaidi. Kifaa chenye njaa kikidai kupita hapo, au pini iliyopinda ikigusa jirani yake, mashine hulikatia tundu umeme ili isiungue. Hicho ni kitendo cha kujilinda. Chomoa vifaa vyote, zima mashine, toa plagi ukutani, ngoja dakika chache, kisha iwashe. Tundu lililojifunga kwa namna hii mara nyingi hufunguka bila shilingi kutumika.

Utaniambia kwamba mashine ilizimwa usiku na kuwashwa asubuhi, na tundu halikurudi. Hapa wengi hudanganyika. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yao ili ziwahi kuamka, na ila ya jana yaweza kuamka pamoja nazo. Amri ya kuwasha upya ndiyo huanza kila kitu mwanzo. Tena Windows ina orodha ya vifaa vyote inavyovitambua, na chenye taabu huwekewa alama ya mshangao ya manjano. Kiondoe kifaa hicho katika orodha, washa mashine upya, nayo itamsalimu mgeni kana kwamba haijapata kumwona.

Nitakusimulia kisa kimoja. Binti wa jirani yangu, wa kidato cha nne, alikuwa na kazi yake ya mradi katika flashi, na siku zilikuwa zimebana. Tarakilishi ya nyumbani haikuisoma. Fundi mmoja aliitazama mashine kwa muda wa kunywa chai, akatangaza kwamba bodi kuu imeungua, na akataja bei iliyokaribia ya mbuzi mzima. Baba mtu alikwisha kutoa pochi. Nilimwomba angoje kidogo. Tulichomeka flashi ileile katika tarakilishi yangu: ikasomwa. Basi mgeni si bubu. Tulichomeka kipanya katika tundu la mbele: kimya. Tulizunguka nyuma ya mashine, tukachomeka flashi huko: ikasomwa mara moja. Matundu ya nyuma hukaa juu ya bodi kuu yenyewe. Ya mbele huungwa nayo kwa waya. Bodi iliyoitwa maiti ilikuwa ikizungumza nasi kwa nyuma! Fundi mwingine, mzee mwenye miwani, alifungua kifuniko, akaukuta waya wa mbele umechomoka, akausukuma kwa kidole. Mbuzi akabaki zizini.

Zingatia tulichofanya. Tulibadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Lau tungalibadili flashi, waya na mashine kwa pamoja, mambo yakatengenea, tusingalijua ni kipi kilichokuwa na kosa.

Wako watakaonipinga. Husema kwamba ufundi ni wa mafundi, na mwanafunzi asiguse. Katika jambo moja nakubaliana nao: usifungue sanduku la umeme lililo ndani ya mashine, kwa maana hushika umeme wa hatari hata baada ya kuzimwa. Pia usikwangue tundu kwa pini ya chuma. Vumbi na nyuzi za mfukoni hutolewa kwa kijiti cha mti, mashine ikiwa imezimwa. Lakini kujaribu flashi katika tundu la pili hakuhitaji bisibisi wala cheti. Wengine husema matundu yako mengi, tumia lingine. Hao ndio hujaza ghala. Tena shule nyingine huyafunga matundu kwa makusudi kwa kuogopa virusi. Tundu la namna hiyo lina afya njema, na mwenye ufunguo ni mwalimu wako. Muulize.

Pupa mbaya kuliko zote ni hii. Pengine mashine huiona flashi, lakini husema haiwezi kuisoma mpaka ifomatiwe, nayo hukuwekea kitufe cha kukubali. Usikiguse. Kufomati hufuta. Mwanafunzi aliye na haraka hubonyeza, na kazi ya muhula mzima hupotea, kumbe pengine flashi ilichomolewa vibaya tu jana na ingaliweza kutengenezwa.

Kwa hiyo, ukiikuta karatasi ile, ibandue, ulijaribu tundu, na kama bado halisemi, bandika nyingine ya namna hii: "Tundu la mbele, kushoto. Tarehe 14 Februari. Flashi mbili na kipanya vimejaribiwa, havikuonekana. Vyote vinaonekana nyuma. Mashine imewashwa upya. Waya wa ndani haujakaguliwa." Kisha utie jina lako, ili fundi ajue wa kumwuliza.