Ingwe Wetu Yuko Kisumu

Bila shaka mnakumbuka ule mdahalo wa muhula wa pili uliosema kwamba bustani za wanyama mijini zifungwe. Mimi nilikuwa upande wa kuunga hoja, na tulishinda. Nilisema mnyama aliye kizimbani ni mahabusu asiye na kosa, na kwamba kulipa kiingilio ili umtazame ni sawa na kulipa ili umtazame mfungwa akila. Mlipiga makofi hadi mwenyekiti akagonga meza. Waama, maneno yalikuwa matamu. Leo nimemwomba mhariri nafasi ili nijipinge mwenyewe, japo si kwa yote niliyosema.

Wiki chache baada ya ushindi ule, chama chetu kilizuru Kisumu. Tulipita Chavakali, Mbale na Majengo, tukateremka Kiboswa tukiimba mpaka sauti zikakauka. Hifadhi ya Swala Pala ya Kisumu iko ufuoni mwa Ziwa Viktoria, karibu kabisa na katikati ya mji, na ni ndogo ajabu: haifiki hata nusu ya kilomita moja mraba. Ilitangazwa rasmi mwaka wa 1992 ili kuwaokoa swala pala waliokuwa wamesalia, maana mji ulikuwa umekua na kuwazingira. Swala wenyewe hutembea watakavyo. Ndani ya vizimba mna simba, fisi, nyani na wengineo.

Kisha tukafika kwa chui.

Hapa naomba tutue kidogo. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya AFC Leopards. Timu hii ilianzishwa mwaka wa 1964 ikiitwa Abaluhya, na jina la Leopards ikalipata baadaye, majina ya kikabila yalipopigwa marufuku. Kwetu sisi ni Ingwe tu, na ingwe, kwa wasiojua Kiluhya, ndiye chui. Nimepiga kelele za "Ingwe!" pale uwanjani Bukhungu tangu nilipokuwa wa kubebwa mabegani. Lakini chui mwenyewe, mwenye nyama na manyoya, sikuwa nimemwona hata siku moja. Babu yangu aliwajua. Walikuwa wakimla mbuzi wake. Wanaoujua Msitu wa Kakamega husema chui wa mwisho alionekana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbega wapo, kima wapo, nyoka ndio usiseme. Chui hayupo.

Basi nikasimama mbele ya wavu. Alikuwa amelala juu ya gogo, mkia ukining'inia. Akafumbua jicho moja, akatuona hatuna maana, akalifumba. Mwenzetu mmoja, shabiki sugu wa Gor Mahia, akaninong'oneza, "Kumbe Ingwe wenu tumemfunga huku kwetu!" Sote tukacheka. Mimi nilicheka shingo upande, kwa sababu jamaa alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Mtoto wa Kakamega akitaka kumwona ingwe, hana budi kupanda gari aende Kisumu.

Usiku ule, bwenini, nilikumbuka jambo ambalo sikulitaja mdahaloni. Nilipokuwa shule ya msingi, jirani yetu alimuua kima jike aliyekuwa akila mahindi mabichi. Mtoto wake alikuwa bado amemng'ang'ania kifuani. Nikamchukua, nikamfunga kamba kiunoni chini ya mpera, nikampa jina la Sajini. Nilimpa maziwa na ndizi, na wenzangu walikuja kutoka vijiji viwili kumtazama. Kiingilio kilikuwa ndizi moja! Wiki ya tatu Sajini akaacha kula. Alikaa akijikumbatia, uso ameuelekeza msituni. Mkidhani natia chumvi, mwulizeni mama.

Ndiye aliyewaita askari wa wanyamapori. Mmoja wao alinieleza kwamba kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa kisheria, lakini hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulitaka akue awe nani?" Nikamwambia wamrudishe msituni. Akatikisa kichwa, akasema mtoto wa kima asiye na mama, tena aliyezoea mkono wa mtu, ukimwachilia hivi hivi hamalizi juma. Wakaondoka naye, na sikupata kujua alikofikia.

Ndiyo maana nasema mdahalo wetu ulikosea swali. Tulibishana kama mnyama akae msituni au kizimbani, kana kwamba kila mnyama anaulizwa achague. Sajini hakuulizwa. Makao ya Wanyama Yatima ya Nairobi yamekuwa yakiwapokea wa namna yake tangu mwaka wa 1964: waliojeruhiwa, waliopotezwa na mama zao, walionyang'anywa watu kama mimi. Ukifunga milango ile kwa jina la uhuru, utawapeleka wapi?

Tena kuna kazi nyingine ambayo sikuijua wakati ule. Nyanya yangu huchagua magunzi mazuri ya mahindi na kuyaning'iniza juu ya meko, moshi uyakaushe wadudu wasiyaguse. Hayo hayaliwi hata njaa ikibisha hodi. Bongo wa milimani, yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, aliwekwa hivyo hivyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 wengine walikamatwa katika milima yetu wakapelekwa bustani za Marekani. Huku nyuma uwindaji, magonjwa na ukataji wa misitu vikawamaliza waliobaki, hata leo wanaoishi porini wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Mwaka wa 2004 vizazi vya wale waliochukuliwa, 18 kwa jumla, vilirudishwa Kenya na kupelekwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Mwaka wa 2025 wakaja wengine 17 kutoka Florida. Lau zile bustani za ughaibuni zingefungwa kama nilivyodai kwa mbwembwe, wangetoka wapi?

Lakini subirini, msinipigie makofi tena. Wale 18 walifika 2004, na bongo wa kwanza kuachiliwa katika hifadhi ya msitu ya Mawingu waliachiliwa 2022. Ni miaka 18! Kumrudisha mnyama si kufungua mlango na kusema nenda. Na Waarabu wa Oman wana kisa kinachouma zaidi. Choroa wa Arabuni aliwindwa akatoweka porini mwaka wa 1972. Wachache walikuwa wamehifadhiwa katika bustani ya Phoenix, Marekani, wakazaana, na mwaka wa 1982 wakaachiliwa tena katika jangwa la Oman. Kufikia 1996 walikuwa 450. Halafu majangili wakarudi, na serikali nayo ikaipunguza hifadhi kwa asilimia 90 ili itafute mafuta. Mwaka wa 2007 walibaki 65 hivi, na UNESCO ikaiondoa hifadhi hiyo katika orodha yake ya Urithi wa Dunia. Hakuna mahali pengine palipowahi kuondolewa kabla ya hapo. Mbegu ilikuwepo, shamba likauzwa.

Sasa turudi kwetu. Tuseme kesho Kisumu watupe chui wawili, dume na jike. Tutawaweka wapi? Sehemu ya msitu iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1985, kule Buyangu, ni kilomita mraba 44 hivi. Nje ya hapo kuna ng'ombe, mashoka, na makaa yanayopita usiku kwa baiskeli. Na kabla hatujawanyooshea kidole wenye baiskeli, jamani, maharagwe yetu hupikwa kwa nini? Nilikwenda jikoni nikauliza kuni zetu hutoka wapi. Nikajibiwa, "Kwa lori."

Safari ya Kisumu naiunga mkono kwa mikono miwili, mwakani twende tena, na wale wawili waliomrushia nyani maganda ya njugu wabaki shuleni. Ila siku moja ya mwaka tuiweke ya Buyangu au Isecheno, ambako nauli ni ndogo na wengi wetu hatujawahi kutia mguu. Na kwa mdahalo wa muhula ujao napendekeza hoja hii: jiko la shule liache kuni. Nitaiunga mkono. Atakayepinga aanze kwa kutuambia lori lile hupakia wapi.