Mlalamikaji Asirudishwe kwa Mlalamikiwa

Askari polisi amekabidhiwa mamlaka makubwa: kukamata, kupekua na kuweka mtu mahabusu. Mamlaka hayo ni dhamana ya umma, si mali yake. Anayeyageuza kuwa rungu la kuwaonea wanyonge huwavunjia heshima hata askari wenzake walio waadilifu.

Taifa limewahi kulipa jambo hili uzito unaostahili. Mwaka 1976 watuhumiwa kadhaa walikufa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kutokana na mateso ya vyombo vya dola. Mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Huo ndio uongozi.

Hata hivyo, kujiuzulu kwa waziri hakumpi mjane fidia. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 ilimtaka mwananchi anayetaka kuishitaki Serikali apate kwanza ridhaa ya Serikali hiyo hiyo. Kesi ya nyani, hakimu ngedere! Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba sharti hilo lilikwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 1994 sheria ikarekebishwa. Sasa mwananchi hutoa notisi ya siku 90, kisha hufungua kesi.

Sharti limefutwa, mazoea yake bado yapo. Aliyepigwa kituoni huhitaji fomu ya PF3 ili majeraha yake yathibitishwe hospitalini, na fomu hiyo hutolewa na polisi. Malalamiko yake nayo mara nyingi huishia mezani kwa mkubwa wa askari yule yule. Je, mkulima asiye na wakili atathubutu kurudi alikopigwa?

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, hupokea malalamiko, lakini hutoa mapendekezo, si hukumu. Kenya iliunda mwaka 2011 mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Tanzania nayo yastahili chombo cha namna hiyo, kisicho chini ya polisi.

Wakati hilo likisubiriwa, watumishi wa umma na walimu wana wajibu. Kijijini, mwalimu ndiye anayeombwa kuandika barua. Na aiandike bila woga, akitaja kituo, tarehe, saa na mashahidi. Fidia ya uonevu hutoka katika fedha za umma. Hivyo, anayefichua uonevu huilinda hazina ya umma pamoja na haki ya jirani yake.