KIVINJARI KIWE NA TORENTI, LAKINI KITUULIZE

Hoja yangu ni hii: kivinjari cha intaneti kiweze kupakua torenti chenyewe, bila sisi kutafuta programu nyingine.

Torenti, aliyoibuni Bram Cohen mwaka wa 2001, ni harambee. Faili hukatwa vipande vipande, na anayepokea kipande humgawia mwenzake. Mzigo haumlemei mmoja. Stima ikipotea huanzi upya; waendelea pale ulipoachia.

Wapo watakaosema, "Aa, hiyo si ni ya wezi wa sinema!" Kwani kisu kikimkata mtu, sukuma zitakatwa kwa meno? Ubuntu na Debian hugawa mifumo yao ya kompyuta kwa torenti, bure na kihalali. Mwizi ashtakiwe yeye, siyo chombo.

Tena jambo hili si ndoto. Kivinjari cha Opera kilitiwa torenti mwaka wa 2006, ikaondolewa katika toleo jipya la 2013.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Torenti hupokea na pia hutoa. Mzazi amekununulia bando ya shilingi 50, wewe wapakua kitabu, kumbe simu yawagawia watu usiowajua. Mara bando kwisha! Kwa hivyo kivinjari kiulize kwanza, kionyeshe kinachotoka, na kiwe na kitufe cha kuzima.

Harambee ni hiari, jamani. Ya kulazimishwa ni kodi.